Ukuta wa Bibi Hautaki Saruji



Kila msimu wa harusi ukikaribia, tunaulizwa yale yale: liwa ichanganywe na nini, hina ipakwe siku ngapi kabla, asumini za vikuba ziagizwe kwa nani. Tunayapenda maswali hayo na tutaendelea kuyajibu, inshaallah. Lakini leo tunaomba tuzungumzie kitu ambacho hatujaulizwa hata mara moja, na kitakuwa nyuma yenu katika kila picha mtakayopigwa juu ya samadari. Tunazungumzia ukuta.

Maneno haya ni ya wale watakaoanza ndoa katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe. Nyinyi wa Fuoni na Mwanakwerekwe mliojenga kwa matofali ya saruji, plasta yenu ya saruji ni halali yenu, hatuna ugomvi nayo. Ila wengi wenu nanyi mna nyumba ya bibi Malindi, Kiponda au Mkunazini, na siku moja fungu lenu la mirathi litakuwa ndani ya ukuta huo. Basi msituache njiani.

Kuna nyumba moja hatutaitajia hata mtaa. Binti wa kwanza wa nyumba hiyo alikuwa anaolewa, na chumba chake kilikuwa kinamwaga vumbi jeupe. Ukiegemea ukuta, unaondoka na bega jeupe. Karibu na mlango bamba la chokaa lilikuwa limeshaanguka, mawe yakionekana. Familia ikasema, na sisi tungesema hivyo hivyo, kwamba biharusi haingizwi katika chumba kinachomwagika. Akaitwa fundi. Akabandua chokaa yote, akapiga plasta ya saruji kwa siku nne, ikapakwa rangi ya mafuta ya waridi juu yake. Siku ya harusi chumba kilimeremeta kama kikombe. Sisi tulikuwepo. Tulikula biriani, tukasifu rangi, tukapiga picha.

Masika ya kwanza, rangi ikatoa malengelenge. Masika ya pili, plasta ikadondoka pande zima usiku wa manane, na lilipogeuzwa lilikuwa limeondoka na uso wa jiwe. Nyuma ya kabati nguo zilizotunzwa za harusi zilishika ukungu. Fundi alipoitwa tena akasema dawa ni kupiga plasta nzito zaidi yenye kuzuia maji. Wakapiga. Mwaka uliofuata mtu alichomeka kijiti kwenye ncha ya boriti pale inapoingia ukutani, na kijiti kikaingia kama kwenye keki. Mke na mume wakahamia kwa mama mkwe. Pesa iliyokwenda kwenye plasta mbili, rangi mbili na kabati jipya ingetosha kuufanyia ukuta ule kazi inayostahiki, na ingebaki ya walima wa pili.

Tunaandika kwa sababu hatukusema kitu siku ile, na tulikuwa hatujui. Tangu hapo tumeuliza, tumesoma, tumesimama juani na waashi wa zamani, na rai yetu ni moja: nyumba ya mawe isipigwe saruji, na sisi wanawake ndio tuwe wa kwanza kukataa. Kwa sababu tuwe wakweli, chumba cha biharusi tunaamua sisi. Mama, khalati, somo na mawifi ndio wanaochagua rangi na ndio wanaomharakisha fundi. Baba hutoa pesa na kuuliza kama imetosha.

Sasa kwa nini isipigwe? Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yale ya kale yanayochimbwa nchi kavu. Jiwe hilo lina vitundu na hunywa maji. Limeungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta una unene wa nusu mita na zaidi, nao haukai mkavu hata siku moja. Maji hupanda kutoka ardhini, mvua hupiga kutoka nje, hewa ya bahari huleta chumvi. Waliojenga walilijua hilo. Hawakujaribu kuyafungia maji nje, waliyaachia njia ya kutoka. Chokaa ina vitundu kama jiwe lenyewe, kwa hiyo unyevu ulioingia leo hutoka kesho jua likiwaka, ukuta ukakauka taratibu na chumba kikapoa.

Saruji hufanya kinyume. Ni ngumu na imebana. Maji yaliyomo ukutani yakitafuta pa kutokea hukuta mlango umefungwa, basi hupanda. Unyevu uliokuwa unaishia magotini hufika mabegani, kisha hufika kwenye ncha za boriti, na boriti iliyolowa bila kukauka huoza na huita mchwa. Chumvi nayo haitoki. Hukaa nyuma ya plasta, ikikauka huota vijipande vigumu ndani ya vitundu vya jiwe, na vijipande hivyo husukuma mpaka jiwe likawa unga. Kwa nje unaona ukuta mzuri. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole unasikia mlio wa tupu, kama ngoma.

Nyinyi mnaojipamba mtatuelewa upesi. Ngozi ukiipaka vipodozi vizito, ukalala navyo usiku hadi usiku ili kuficha chunusi, hazikuponi, zinaongezeka. Lile vumbi jeupe lililowaudhi wakwe lilikuwa ni ukuta unafanya kazi yake. Chokaa ndiyo inayochakaa kwa niaba ya jiwe: inabeba chumvi, inamwagika, inapakwa nyengine. Ndiyo maana wazee walipiga chokaa tena na tena, kila baada ya miaka kadhaa, bila kuona kwamba wameshindwa.

Bibi zetu hawakuhitaji kufundishwa chokaa. Waliibeba kwenye kijaluba. Ile chokaa ya tambuu, inayopakwa kwenye jani kwa ncha ya kidole pamoja na popoo na katu, ni ndugu wa chokaa ya ukutani: jiwe lililochomwa likazimwa kwa maji. (Tambuu zenyewe tuziache kwenye sinia la ukumbusho, madaktari wa meno wameshasema vya kutosha.) Na mabibi wa Lamu na Pate, ndani kabisa ya nyumba, katika chumba kinachoitwa ndani, walikuwa na zidaka: safu juu ya safu ya vishubaka vilivyotiwa nakshi katika chokaa, vikipambwa kwa sahani za Uchina na vitu vya thamani. Huwezi kuchonga nakshi kama zile kwa haraka, na saruji haikupi nafasi, kwani ishakauka kabla hujamaliza ua moja.

Namna inavyotengenezwa inatupendeza mpaka leo. Magogo hupangwa kwa duara, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa. Jiwe linahitaji joto la karibu nyuzi 900 za sentigredi ili litoe hewa ya kaboni dayoksaidi iliyomo ndani yake, na linabaki jepesi, jeupe, lenye kiu kali. Likitiwa maji huchemka lenyewe bila moto, likapasuka na kuwa laini kama uji. Mafundi wazuri huifunika chokaa hiyo chini ya maji, shimoni au kwenye pipa, kwa wiki au miezi, kwani kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Halafu inachanganywa na mchanga, inapakwa, na hapo huanza kuirudisha ndani yake, kutoka hewani, hewa ile ile iliyofukuzwa na moto. Polepole inarudi kuwa jiwe. SubhanaAllah, kitu kinaondoka kuwa jiwe, kinakuwa maziwa, kisha kinarudi kuwa jiwe ukutani kwenu.

Saruji tunayoitumia leo ilisajiliwa kama uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1824. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo tunaloliona ilijengwa upya karne ya 18, nayo pia ni mawe na chokaa. Kilwa Kisiwani misikiti na majumba yake yalisimamishwa kwa vitu hivyo hivyo. Basi anayetuambia kwamba chokaa ni dhaifu atupe kwanza jengo lake la saruji lenye umri wa nusu ya hapo, karibu na bahari, tulitazame nondo zake.

Haki isemwe, chokaa ina aibu zake. Ya kwanza ni muda. Tabaka moja lisizidi sentimita moja au zaidi kidogo, liachwe likamate ndipo lije jengine, na kila tabaka linatakiwa kulindwa na jua. Linafunikwa magunia yaliyolowa, linanyunyizwa maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, wiki ikiwezekana. Likikaushwa haraka linapasuka na kumwagika, na ndipo watu husema chokaa mbaya. Ya pili ni mafundi. Vijana wengi wamefunzwa saruji tu, na yule anayejua chokaa ana kazi nyingi na bei yake. Ya tatu ni kuni: tanuu hula magogo mengi na moshi wake si wa kukaa jirani, na kuna waliowahi kuchoma matumbawe hai yaliyovunjwa baharini. Huo ni uharibifu na hatuutaki. Ulizeni jiwe limetoka wapi. Na kuna hatari ya mwili: chokaa isiyozimwa inachoma ngozi na inaweza kupofua jicho, watoto wasisogee pipa hata kwa kuchungulia.

Pia chokaa si dawa ya kila kitu. Nyumba nyingi za mjini zinaumwa na maji ya juu, si ya chini. Choo kilichoongezwa ghorofani kwa ajili ya biharusi mwengine miaka ya nyuma, bomba linalodondosha kidogo kidogo ndani ya ukuta, paa bapa lililopasuka, mfereji wa paa uliojaa majani. Ukipaka chokaa hapo bila kuziba maji umepaka wanja jicho linalotoa machozi. Maji kwanza. Na ukuta ulioanza kufura tumbo au kupasuka ufa unaoingiza kidole, hapo msiite mpaka chokaa, iteni mhandisi. Siku ya tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati linafanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hatusemi saruji ndiyo iliyoliangusha. Tunasema kwamba tangu siku ile hatuwezi kuutazama ukuta wa zamani kama pambo tu.

Jambo jengine hatulisikii likisemwa, na kwetu ndilo zito kuliko yote. Nyumba hizi mara nyingi si za mtu mmoja. Nyengine ni mirathi ya ndugu saba ambayo haijagawanywa, na kati ya saba hao wanne ni wanawake wenye mafungu yao kamili kwa mujibu wa sharia. Kaka anayekaa ndani akipiga saruji kwa ajili ya harusi ya binti yake, anaharibu mali ya dada zake, hata kama nia ilikuwa furaha. Nyengine ni wakfu, zimewekwa na watu waliotaka thawabu zisizokatika, na miongoni mwao walikuwemo wanawake waliotoa nyumba nzima. Mpangaji wa wakfu anaishi juu ya sadaka ya marehemu. Na kuna jirani. Mji Mkongwe ukuta wako ni ukuta wake. Unyevu uliouziba upande wako unatokea chumbani kwake. Sote tumefunzwa haki ya jirani tangu chuoni, tukadhani ni kupelekeana sahani ya futari tu.

Kuna dada atatuambia, mimi ni mpangaji, sina kauli. Tunamuelewa. Lakini kauli ndogo unayo: kataa rangi ya mafuta, kwani hata juu ya chokaa nzuri inafunga kama nailoni. Sogeza kabati na samadari shibiri moja kutoka ukutani. Fungua madirisha asubuhi badala ya kuwasha kiyoyozi kutwa nzima. Kisha peleka malalamiko yako kwa maandishi kwa mwenye nyumba, yawe na tarehe.

Mwenye kauli kubwa, anza mapema. Hili ndilo tunalowaomba akina mama. Mnaanza kuulizia sare miezi sita kabla, ukuta mnaukumbuka wiki ya mwisho, na wiki ya mwisho fundi hana la kukupa ila saruji. Harusi ikiwa baada ya Idi, chumba kiguswe mapema, na ikiwezekana kazi ifanyike kipupwe, mvua zikiwa zimeisha. Mwende Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe mkaombe kibali na ushauri kabla hamjabandua kitu. Mamlaka hiyo ipo tangu 1985, na mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Fundi akija, msimuulize bei kwanza. Muulizeni chokaa yake imezimwa lini na imekaa wapi. Muulizeni mchanga ni wa wapi, kwa sababu mchanga wa pwani una chumvi na utawarudishia maradhi yale yale. Muulizeni vipimo, kwa plasta ya kawaida debe moja la chokaa kwa madebe matatu ya mchanga ni pa kuanzia. Muulizeni atajaza vipi mashimo makubwa, na mtamtambua mjuzi akikuambieni atatomea kwa vijiwe vidogo na chokaa, hatorundika udongo mzito mahali pamoja. Akisema "nitatia saruji kidogo tu ili ikamate upesi," mpeni chai, mshukuruni, mtafuteni mwengine. Na akitokea binti mwenye mwiko mkononi, msimcheke. Wapo wasichana Unguja wanaojifunza uashi huu sasa, na kwa chumba cha ndani ambacho biharusi hataki kuingiliwa na wanaume wiki nzima, tusingeona neema kubwa kuliko hiyo.

Kuhusu urembo, tunajua mnachoogopa. Mnaogopa picha. Chokaa nyeupe iliyopakwa kwa tabaka nyembamba nne au tano haing'ai kama rangi ya mafuta, ni kweli. Ina weupe mtulivu, ukiwasha taa za mapambo hauzirudishi machoni kwa watu, na dhahabu na kijani cha nguo za biharusi vinasimama mbele yake vizuri sana. Ukitaka rangi, udongo mwekundu au wa manjano hutiwa kidogo ndani ya chokaa yenyewe. Itaacha alama begani ukiegemea siku za mwanzo. Basi msiegemee.

Tulipita kwenye nyumba ile wiki iliyopita. Plasta yote imebanduliwa, chumba kiko wazi mawe tupu, boriti mbili zimeshabadilishwa na ya tatu inangojea. Mama wa nyumba amekataa kisipakwe chochote mpaka ukuta ukauke, na fundi aliyempata, mzee mwenye mikono iliyopauka, amemwambia hilo litachukua miezi. Shimoni uwani kuna chokaa chini ya maji, imefunikwa kwa bati na jiwe juu ili kuku na wajukuu wasiifikie. Binti wa pili anaolewa mwakani. Ametuuliza kama mapazia ya zambarau yatapendeza na ukuta mweupe, tukamwambia yatapendeza.